N'shakula

Kwa Bi Ruzuna, nyuma ya soko la Wete,
bakuli la urojo ni elfu na mia tano.
Pilipili bure, benchi bure,
na maneno yake bure vilevile:
"Kaeni taratibu, benchi langu lina miguu mitatu na imani."

Tulikuwa wanne.
Mimi, Shaame fundi wa simu,
Raya wa duka la vitenge, asiyeona haya kulamba bakuli,
na Nassor, mwalimu wa kujitolea, mwaka wa pili.

Nassor hakuwa na njaa kamwe.
Tukifika tu, kabla hajaulizwa:
"Mie n'shakula."
Akasogea nchani mwa benchi,
akavifuata vijiko vyetu
kama mtu kwenye mchezo wa ng'ombe,
mwili nyuma ya mti, macho uwanjani.

N'shakula.
Neno fupi, hutoka nyumbani limepigwa pasi.
Nalijua. Nimelivaa mwaka mzima
nilipokuwa chuoni Unguja, sina wa kumwandikia.
Ukilisema mara mbili hushiba lenyewe,
wewe ukabaki ulivyo.

Raya ndiye aliyelitegua.
Aliagiza mabakuli mawili, vijiko vinne,
"Bi Ruzuna, tia chatini mpaka iseme basi,"
akajaza kijiko:
kachori, embe mbichi, bajia iliyokwisha kulainika
katika ule uji wa manjano,
akamtilia Nassor mkononi.
"Hebu nionjee, chumvi imekaa?
Ulimi wangu leo una mafua."

Nassor akaonja.
Akasema hajaielewa vizuri.
Akaonja tena.
Bakuli la pili lilipofika chini
bado alikuwa anaitafuta chumvi,
jasho la pilipili limesimama puani,
na sisi tumekaza macho kwa paka wa sokoni
asije akatuona tunamwona.

Mwezi wa pili yake Shaame akapata pesa,
akatupeleka hoteli yenye vitambaa mezani,
maji yana bei,
na samaki ana jina refu kuliko yeye mwenyewe.
Tulikula kama tunaofanya mtihani.
Raya aliuficha mkono wa kulia chini ya meza;
umezoea kazi, leo umeachishwa.
Tukanong'ona. Tukashukuru. Tukatoka.
Barabarani Shaame, mwenye pesa zake, akauliza:
"Jamani, mmeshiba?"

Kimya.

Kisha kicheko, mpaka Nassor akakaa chini kwenye changarawe
na suruali yake ya kufundishia.

Saa nne usiku, kwangu Limbani, umeme umekatika.
Jiko la mkaa barazani,
muhogo wa jana, nazi moja,
na dagaa aliowaazima Raya kwa jirani
(dagaa haazimwi, huliwa; jirani alijua).
Nassor alikalia mbuzi, akaikuna nazi
kwa kasi ya mtu mwenye deni.
Shaame anapepea kwa kifuniko cha ndoo.
Mimi nakata muhogo gizani,
na kidole changu pia, kidogo.

Sinia moja, mikono minne.
Muhogo unaunguza, hakuna anayengoja.
Ukoko wa chini tukaupigia kura,
Raya akaiba kura.

Nami kwa mzaha tu,
mzaha wa tumbo lililojaa, nikamwambia Nassor:
"Kula bwana, au n'shakula?"

Tonge likasimama hewani.
Nilitaka nilikamate lile neno, lishavuka.
Mkaa ukalia kidogo.
Akalitia tonge kinywani, akatafuna polepole,
akajifuta kidevu kwa mkono wa shati.

"Kwani," akasema, "nyote mlikuwa mkijua?"

Shaame akasogeza dagaa upande wake.
Raya akamuuliza chumvi imekaaje.